“Ndiyo Mzee” Ni Neno la Nani?



Juma hili naweka kando masomo ya Dominika, niongee nanyi juu ya muziki. Simaanishi muziki wa kwaya, ambao tumeshaujadili hapa mara nyingi na bado hatujakubaliana kuhusu vinanda na ngoma. Namaanisha bongo fleva, muziki unaopigwa katika daladala, katika saluni, katika vibanda vya chipsi, na katika simu za watoto wetu hadi usiku. Wako waamini wanaodhani kwamba padre husikia muziki huo kwa bahati mbaya tu, anapopita njiani. Mimi ni shabiki wake tangu ujana wangu, na haya ninayoyaandika leo ni mawazo ya shabiki.

Hoja yangu ni hii. Nyimbo bora za kizazi chetu zilitungwa ili zituseme sisi wasikilizaji, lakini sisi tuliamua kwamba zinawasema watu wengine. Tukazipenda, tukazikariri, tukazicheza harusini, kisha tukaendelea kuishi kana kwamba hazikuimbwa. Ushabiki wa namna hiyo humdhulumu msanii, nasi wenyewe hutudhulumu zaidi.

Kwa ajili ya vijana ambao hawakuyaona mambo hayo, inafaa nieleze kidogo. Sisi tuliozaliwa karibu na mwaka 1980 tulikua tukisikiliza Redio Tanzania Dar es Salaam na muziki wa dansi: Mlimani Park, Msondo, Remmy Ongala na Super Matimila yake. Mwaka 1991 kijana aitwaye Saleh J alipouchukua wimbo wa Marekani, “Ice Ice Baby”, na kuuwekea maneno ya Kiswahili, wazee wengi waliona ni mchezo wa watoto. Mwaka 1994 Radio One ilianza kurusha matangazo yake, na vijana wakapata mlango wa kuingilia. Wale walioanza kwa kuiga Kiingereza cha Marekani waligundua kwamba Kiswahili kinaubeba mdundo ule bila taabu, na kwamba mitaani kwao kuna mambo mengi ya kusema. Mr II akatoa “Hali Halisi”. Hard Blasters wakatoa “Chemsha Bongo”. Nasi tuliokuwa shuleni tukapata jambo la kuzungumza bwenini.

Wakati ule hapakuwa na simu ya kukutafutia maneno ya wimbo. Ukitaka kuujua wimbo ulikaa karibu na redio kaseti, kidole juu ya kitufe cha kurekodi, ukiomba moyoni mtangazaji asiongee katikati. Mkanda ukilegea uliuzungusha kwa kalamu. Betri zikichoka ulizianika juani. Kisha ulisikiliza mstari mmoja, ukasimamisha, ukaandika, ukarudisha nyuma, ukasikiliza tena. Likizo moja, nikiwa mwanafunzi wa seminari ndogo, nilijaza daftari zima namna hiyo. Shule ilipofunguliwa Baba Gambera wetu aliliona, akaliomba, akakaa nalo siku mbili. Alipolirudisha hakunikemea. Alisema tu: “Vijana hawa wanahubiri. Sijui kama ninyi mnasikiliza au mnaandika tu.”

Nimelibeba swali lile kwa zaidi ya miaka ishirini, nami nalileta kwenu kwa mifano mitatu.

Mfano wa kwanza wengi mnaujua. Mwaka 2001 Professor Jay, ambaye jina lake ni Joseph Haule, alitoa albamu yake “Machozi, Jasho na Damu”, na ndani yake mlikuwa na wimbo “Ndiyo Mzee”. Wimbo ule ni mkutano wa hadhara. Mgombea anasimama jukwaani na kumwaga ahadi, moja ikiizidi nyingine kwa ukubwa, mpaka zinafika mahali ambapo hata mtoto wa darasa la pili angejua kwamba hayo hayawezekani. Kwa kila ahadi, umati unaitikia.

Tulicheka sana. Nchi nzima ilicheka. Tangu hapo jina la wimbo huo limekuwa fimbo ya kumchapia mwanasiasa yeyote anayeahidi asichoweza kutimiza. Lakini tazama vizuri, ndugu msomaji. Maneno hayo mawili hayatoki kinywani mwa mwanasiasa. Yeye katika wimbo ule ana maneno mengi mno. Haya mawili ni ya umati. Msanii angeweza kuuita wimbo wake kwa jina la mgombea, au kwa jina la ahadi zake. Aliupa jina la jibu letu. Mtu aliyechorwa pale kwa ustadi mkubwa kuliko wote ni yule aliyesimama juani, akiitikia jambo ambalo moyoni mwake hakuliamini hata kidogo.

Kwa nini tunaitikia? Nimekaa katika vikao vya kutosha kuweza kutaja sababu tatu. Ya kwanza ni adabu. Tumelelewa kwamba mkubwa hapingwi mbele za watu, na malezi hayo yana uzuri wake. Ya pili ni hofu: anayeuliza swali huonekana mkorofi, na kesho atakwenda ofisi hiyohiyo kuomba muhuri. Ya tatu ndiyo inayonisumbua zaidi. Kusema ndiyo hakutugharimu chochote leo. Kunatufikisha nyumbani mapema. Gharama yake huja baadaye, na mara nyingi hulipwa na mtu mwingine: mtoto ambaye darasa lake halikuezekwa, au mama ambaye zahanati yake haikupata dawa.

Wala tusidhani kwamba jambo hili linaishia kwenye siasa. Mimi ni paroko, na ni watu wachache sana wanaoambiwa ndiyo mara nyingi kama paroko. Naleta katika halmashauri ya walei makadirio ya ujenzi wa ukumbi. Nauliza kama kuna swali, kimya. Nauliza kama tumekubaliana, “Ndiyo, Padre!” Kikao kinafungwa kwa sala. Nikitoka na kupita karibu na mwembe, nasikia makadirio yaleyale yakichambuliwa kwa ufundi ambao ningeuhitaji nusu saa iliyotangulia: bei ya saruji si hiyo, mchanga wa upande ule una udongo mwingi, fundi aliyependekezwa aliiacha kazi katikati kwenye kigango cha jirani. Hekima yote hiyo ilikuwa chumbani pamoja nami, nayo ikatoka nje bila kufungua mdomo.

Nawaambia kwa upendo kwamba mkubwa anayeitikiwa ndiyo wakati wote hakuheshimiwa. Ameachwa peke yake. Vivyo hivyo mwenyekiti wa kijiji, mwalimu mkuu, mwenyekiti wa Jumuiya Ndogo Ndogo, na hata baba wa nyumba. Mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa utaratibu wa nchi yetu hupaswa kufanyika kila miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi, una nguvu kubwa kuliko wanakijiji wengi wanavyofahamu. Lakini nguvu hiyo inaanza na mtu mmoja anayenyoosha mkono na kusema: “Samahani, hapo sijaelewa.” Sentensi hiyo ni fupi, ina adabu, na haijawahi kumvunjia heshima mzee yeyote mwenye hesabu safi.

Mfano wa pili ni wa Wagosi wa Kaya, vijana wawili wa Tanga, Dr. John na Mkoloni. Waliusikitikia mji wao uliofifia katika “Tanga Kunani”, kisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakatoa “Wauguzi”, wimbo juu ya lugha kali na uzembe ambao mgonjwa hukutana nao hospitalini. Nchi ilisisimka, maana karibu kila familia ilikuwa na kisa chake. Wauguzi wengi waliumia, wakaona wote wamepakwa rangi moja.

Mwamini mmoja, muuguzi ambaye sasa amestaafu, aliwahi kunisimulia jinsi miaka ile alivyokuwa akipanda daladala asubuhi baada ya zamu ya usiku, sare yake ikiwa chini ya sweta. Wimbo ukianza, abiria waliomfahamu walimgeukia na kutabasamu. “Padre, sikatai,” aliniambia, “wapo wenzangu waliostahili wimbo ule, na mimi mwenyewe ulinifanya nichunge ulimi. Lakini katika abiria wote wale, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza usiku ule nilikuwa na wagonjwa wangapi.”

Fikirini neno la mama huyo. Katika daladala nzima, mtu mmoja alikuwa ameusikiliza wimbo ule kama unamhusu, naye ndiye aliyekuwa anachekwa. Alichunga ulimi. Wale waliokuwa wakiuimba kwa sauti hawakufanya lolote. Hawakuuliza kwa nini muuguzi mmoja ana wodi nzima, hawakukumbuka lugha waliyoitumia wao kwa wagonjwa wa nyumbani kwao, wala hawakumtembelea diwani. Walipata raha ya kumnyoshea mtu kidole, na raha hiyo ikawatosha. Tunazipenda sana nyimbo zinazomsema jirani. Wahenga walikuwa na methali juu ya nyani, ambayo mnaijua, nami sina haja ya kuimalizia hapa.

Mfano wa tatu ni mzito. Mwaka 2004 Ferooz, akishirikiana na Professor Jay, alitoa “Starehe”. Ni kisa cha kijana aliyetapanya maisha yake katika anasa, sasa yuko kitandani na UKIMWI, akiwaaga wenzake. Sidhani kama kuna wimbo wa kizazi chetu uliowaliza watu kama ule. Mwaka huohuo ndipo serikali ilipoanza mpango wa taifa wa kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi bila malipo, miaka ishirini na moja baada ya wagonjwa wa kwanza kutambuliwa nchini, mkoani Kagera, mwaka 1983. Kwa hiyo wimbo ulifika wakati uleule ambapo kwa mara ya kwanza mgonjwa maskini alikuwa na sababu ya kutumaini.

Wakati huo nilikuwa frateri katika mwaka wangu wa uchungaji, nimetumwa katika parokia moja ya mashambani. Kijana mmoja alikuwa amerudi kwao kutoka mjini akiwa mgonjwa sana. Kabla hajaondoka alikuwa mwimbaji wa kwaya, sauti ya tatu. Hatua chache kutoka nyumbani kwao palikuwa na kijiwe cha vijana wa rika lake, na hapo redio ilikuwa haichoki kupiga “Starehe”. Waliujua wimbo ule mwanzo hadi mwisho. Walipofika sehemu za huzuni waliinamisha vichwa kweli. Lakini hakuna aliyevuka ule uwanja mdogo kwenda kumwona mwenzao. Siku tulipokwenda na Jumuiya kusali, mama yake alitusindikiza hadi nje, akasimama akiitazama redio ile kwa mbali. Alisema: “Hao wanamwonea huruma mgonjwa wa redioni. Wa humu ndani wanamwogopa.”

Sijawahi kusikia uhakiki wa muziki uliozidi huo kwa ukweli.

Hata hivyo kisa hakikuishia pale. Dawa zilipofika hospitali ya wilaya mwaka uliofuata, mmoja wa vijana wale wa kijiweni alianza kuja na baiskeli yake kila mwezi kumchukua mwenzake kwenda kliniki, mwendo wa saa mbili kwa njia ya mawe. Alimfunga kwa kanga kiunoni ili asianguke. Nilipomwuliza kilichomsukuma, hakunitajia mahubiri yangu, nami sikuwa nimetegemea ayataje. Alisema kwamba siku moja alikuwa akiimba kama kawaida, akafika mahali mgonjwa wa kwenye wimbo anapowaita rafiki zake, akatambua kwamba rafiki wanaoitwa ni yeye. Mgonjwa yule aliishi miaka mingine sita, akaimba tena sauti ya tatu. Miaka sita si mingi, lakini mama yake aliihesabu mmoja mmoja.

Kijana wa baiskeli ndiye ninayemwita shabiki wa kweli. Wenzake waliujua wimbo kuliko yeye. Yeye alijitambua ndani yake.

Yafaa pia tukumbuke kwamba msanii anayesema kweli hulipa. Ugonjwa ule ulipokuwa bado unatajwa kwa mafumbo, Remmy Ongala aliimba waziwazi juu yake katika “Mambo kwa Soksi”, na redio ya taifa haikuupiga wimbo huo. Kama padre nina neno langu juu ya kinga aliyoipendekeza, na mnalijua. Lakini siwezi kumnyima sifa yake: alitaja kifo kwa jina wakati wengi wetu, hata mimbarini, tulikuwa tukisema kwamba marehemu aliugua kwa muda mrefu. Remmy alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akafika kwetu mwaka 1978, akafariki Dar es Salaam mwezi Desemba 2010. Hadi leo Sinza ina kituo cha basi kinachoitwa kwa Remmy.

Karibu zaidi na siku zetu, mwezi Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa Morogoro kwa sababu ya wimbo wake “Wapo”, kisha akaachiwa. Mwezi uliofuata msanii Roma, ambaye hujiita Roma Mkatoliki, alitekwa pamoja na wenzake wakiwa studio jijini Dar es Salaam, wakapatikana siku chache baadaye. Kabla ya hapo, jina lake lilikuwa limemfanya mama mmoja wa Legio ya Maria aniulize kwa dhati kijana huyo anatoka parokia gani. Juma lile hakuna aliyetania. Nilipowaona vijana wa parokia wakiwa na hofu, niliwauliza kimoyomoyo: je, mtu akilipa gharama hiyo kwa ajili ya wimbo, sisi tunaouimba bafuni tunalipa nini?

Wengine mtanijibu kwamba mashabiki wamekwishafanya zaidi ya kuimba, kwa kuwa waliwapeleka wasanii bungeni. Ni kweli. Mr II, yaani Joseph Mbilinyi, alikuwa mbunge wa Mbeya Mjini kuanzia 2010 hadi 2020, na Professor Jay alikuwa mbunge wa Mikumi kuanzia 2015 hadi 2020. Sina la kusema juu ya vyama vyao, na hapa si mahali pake. Nasema tu kwamba kumchagua msanii hakumwondolei shabiki kazi yake. Umati unaomwitikia ndiyo mwanasiasa unaweza kumwitikia ndiyo hata mwanamuziki aliyegeuka mwanasiasa, na wimbo ukaanza upya.

Nazijua hoja zitakazoletwa dhidi yangu, maana tayari nimezisikia.

Kwanza, kwamba muziki ni burudani, na mtu aliyechoka ana haki ya kuchezacheza bila kuhojiwa. Nakubali kabisa. Nyimbo nyingi hazidai chochote zaidi ya miguu yetu, na furaha ni kitu chema. Nimecheza katika jubilei za mapadre wenzangu, na picha zipo. Lakini wimbo unaokuuliza swali na wimbo unaokualika kucheza ni wageni wawili tofauti, na si ungwana kuwapokea kwa namna moja. Mtu akija kwako analia, humwekei sahani ya pilau na kuongeza sauti ya redio.

Pili, kwamba wasanii wenyewe hawaishi wanayoyaimba. Ni kweli kwa baadhi yao, kama ilivyo kweli kwa baadhi yetu tunaohubiri. Ikiwa neno jema linafutwa na udhaifu wa mdomo uliolitamka, basi Dominika ijayo tusifungue kanisa. Kijana wa baiskeli hakuchunguza maisha ya Ferooz kabla ya kutoka nyumbani.

Tatu, na hii husemwa na watu wa umri wangu, kwamba nyimbo za siku hizi hazina ujumbe. Hapa naomba tuwe na kumbukumbu. Maneno hayohayo yalisemwa juu ya muziki wetu. Kwa wazee wengi “uhuni” lilikuwa jina la pili la bongo fleva. Singeli iliyotoka Manzese na Tandale ina kasi ambayo masikio yangu huiacha ipite, lakini nimewahi kumwomba kijana mmoja wa VIWAWA anifafanulie wimbo mmoja mstari kwa mstari, nikakuta ndani yake kodi ya nyumba, mama anayekaanga samaki, na ndugu asiyepokea simu. Ujumbe ulikuwapo. Kilichokosekana kilikuwa subira yangu na yako.

Tatizo la siku hizi naliona mahali pengine. Sisi tuliusikia wimbo mzima kwa sababu hatukuwa na njia ya kuukata. Leo wimbo hukatwa kipande cha sekunde chache kinachofaa kuchezewa mbele ya kamera ya simu, na kwa kawaida kipande hicho si kile chenye swali. Kijana anaweza kuucheza wimbo mara mia bila kujua kwamba ubeti wa tatu ulikuwa unamzungumzia yeye. Hilo si kosa la msanii, wala si kosa la mtoto peke yake. Ni mazoea, na mazoea hurekebishwa kwa mazoea mengine.

Basi nini tufanye? Nina mapendekezo matatu, yote madogo.

La kwanza: juma hili chagua wimbo mmoja unaoupenda na kuujua vizuri. Keti, usikilize mpaka mwisho bila kufanya kazi nyingine, kisha ujiulize: katika wimbo huu mimi ni nani? Mgombea au umati? Muuguzi au abiria? Mgonjwa au rafiki wa kijiweni? Ukiona kwamba katika kila wimbo wewe ndiye mwenye haki na mwingine ndiye mwenye makosa, rudia kuusikiliza.

La pili ni kwa wazazi. Kabla hamjaamuru simu izimwe, mwombeni mtoto awaelezee wimbo anaousikiliza: unasema nini, unamwambia nani, na yeye anaonaje. Baadhi ya nyimbo mtazikataa baada ya maelezo, na mtakuwa na sababu. Lakini mtakuwa mmezungumza na mtoto wenu kwa robo saa juu ya jambo analolipenda, na katika nyumba nyingi ninazozitembelea robo saa hiyo haijapatikana kwa muda mrefu. VIWAWA nao wameniomba ukumbi Jumamosi moja kwa mwezi ili wasikilize na kujadili nyimbo. Nimewapa, kwa sharti kwamba wazee wawili wawepo, na kwamba wazee hao wasiongee katika nusu saa ya kwanza.

La tatu linanihusu mimi pamoja nanyi. Kikao cha halmashauri ya walei kitafanyika mwisho wa mwezi, na makadirio ya ukumbi yatarudi mezani. Safari hii karatasi zitafika kwenye kanda zote juma moja kabla. Sitawauliza kama tumekubaliana. Nitaomba kila kanda ilete swali moja lililoandikwa, na hatutapiga kura kabla maswali yote hayajajibiwa. Kanda isiyo na swali itabaki kufagia ukumbi.

Nawatakia Dominika njema. Na wale wa chini ya mwembe, ninyi ndio ninaowasubiri zaidi; njooni na ile bei ya saruji.

Padre wenu,
Paroko